Kaa la Nyota, Darasa la Kumi

Jumatatu, 4 Agosti
Chai, muhogo wa kuchemsha, shuleni. Somo la leo ni langu la moyoni tangu nilipokuwa nasoma chuo kule Nampula: nyota kibete nyeupe. Nikawaeleza. Nyota kama jua ikiishiwa nishati, kinachobaki ni kaa lake. Dogo kama dunia, zito ajabu. Likiwa na nyota mwenzake karibu, humvuta gesi yake kidogo kidogo. Uzito ukifika kikomo, kaa zima hushika moto kwa mpigo. Nikapiga meza kwa kiganja: mlipuko!

Mwanaesha, mwanafunzi wangu, akaingia chini ya dawati. Hakulia. Alijikunja tu, mikono masikioni. Hakuna mwenzake hata mmoja aliyecheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mjinga mimi.

Jumanne, 5 Agosti
Mwanaesha hakuja. Mkuu wa shule kaniita ofisini. Kwa upole: ruka somo hilo, profesora, mwalimu wangu, kuna mengine ya kufundisha. Huenda ana haki. Watoto hawa walikimbia mji huu na wazazi wao vita vilipoingia kwa risasi na mabomu, wakapita njia ya Awasse kwa miguu. Nami nilikuwamo njiani humo. Nimerudi hapa kufundisha fizikia, siyo kutisha watoto.

Nina hasira. Siyo na mkuu.

Jumatano, 6 Agosti
Baada ya alasiri nilikwenda kwao. Mwanaesha analelewa na bibi yake, Bi Sumaye. Katika nyumba ile wamerudi wao wawili tu. Nilimkuta bibi anakuna nazi. Nikampa shikamoo, nikaomba radhi. Akaendelea kukuna. Nikadhani ndiyo nimefukuzwa.

Kisha akasema, "Mwalimu, mtoto anauliza nyota hiyo imelipuka wapi. Kama ni karibu, anataka tufunge mizigo."

Mwanaesha alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama.

"Ni mbali, mwanangu," nikamwambia.

"Mbali kiasi gani? Umejuaje?"

Swali hasa la wanaastronomia! Miaka yote wanazitafuta nyota hizi kwa ajili ya swali hilo. Nikamwomba aje kesho, nimwonyeshe. Akarudi ndani.

Alhamisi, 7 Agosti
Kipindi cha kwanza, hayupo. Cha pili, hayupo. Nikafundisha vibaya, nikakosea hata hesabu rahisi ubaoni.

Kengele ya mapumziko, huyo hapo. Bibi yake kamsindikiza hadi getini.

Nikafunga madirisha ya bohari, kukawa giza. Nilikuwa na lanterna mbili mpya, tochi za betri. Moja nikaiweka karibu naye, nyingine mwisho kabisa wa chumba. Ipi ina nguvu zaidi? Akasema zote sawa, ile iko mbali tu. Kajuaje? Kaniona nazitoa katika boksi moja.

Ndiyo hivyo hivyo, nikamwambia. Makaa haya hulipuka kwa namna moja, mwanga wao hulingana karibu sana, na tofauti ndogo wataalamu wanajua kuisahihisha. Ukiuona umefifia, unajua uko mbali. Kwa njia hiyo wamepima masafa ya galaksi, wakagundua kwamba ulimwengu unatanuka, tena kasi inazidi. Mwanga mwingine uliondoka huko kabla hajazaliwa mtu duniani.

"Kwa hiyo umeshakwisha? Huo mlipuko?" Neno kalitamka yeye.

"Zamani sana. Kinachotufikia ni nuru."

"Na jua letu?"

"Jua halina mwenzake wa kumvuta. Haliwezi."

Akaenda mwisho wa bohari, akaichukua ile lanterna, akaizungusha mkononi. Akaniuliza kama anaweza kuizima. Akaizima.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwambia mkuu sitaliruka somo. Nitalifundisha upya, kwa lanterna, bila kupiga meza. Akakubali. Baadaye kaja mwenyewe kusimama nyuma ya darasa. Alipenda nilipotaja chuma: kingi kilichomo katika damu yetu kilipikwa katika nyota za namna hii. Alijitazama kiganja.

Nimechoka. Vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti
Mtihani mdogo. Katikati yake mafundi wakaanza kugongomea mabati mapya juu ya darasa la jirani, bila taarifa. Mwanaesha aliinua kichwa, akatazama dari, akaendelea kuandika.

Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka moyo ukatulia. Jua zuri. Nikarudi ndani kukusanya karatasi.