Nilivyosema "Nimeelewa" Mbele ya Mkwe

Alhamisi jioni, Bariadi. Mawingu yalikusanyika tangu mchana, mvua ikaishia kututishia tu. Mwili hauniumi, ila nina aibu tele, na bora niiandike hapa kuliko nilale nayo.

Wasomaji wangu wa zamani mnajua kwamba mwaka jana utumbo wangu ulijisokota, ukakatwa, na tangu hapo haja kubwa inatokea tumboni, kwenye mfuko. Leo nilikwenda hospitali kuzungumza na daktari kuhusu kuurudisha utumbo ndani, nitumie choo kama watu wengine. Nimeisubiri sana siku hii. Nimechoka kukaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango.

Nilitakiwa kwenda na ndugu. Binti yangu Neema amejifungua juzi, hivyo akamtuma mumewe, Masanja, aje na pikipiki kutoka Shishiyu.

Mkwe wangu.

Kwa sisi tuliolelewa Kisukuma cha zamani, mama mkwe na mkwe wake hawali pamoja wala hawatazamani usoni. Hata salamu zangu kwake humpitia Neema. Nilidhani atabaki nje, lakini daktari akamwita aingie naye asikie. Akaketi, macho sakafuni.

Daktari alieleza vizuri, simlaumu. Wengi wakishaunganishwa utumbo hurudi kujisaidia kwa njia ya kawaida, ingawa miezi ya mwanzo haja huja ghafla na mara nyingi kwa siku, na wengine hushindwa kujizuia. Kidonda kinaweza kutunga usaha. Ngiri inaweza kutokea penye kovu. Kubwa zaidi, pale utumbo unapounganishwa panaweza kuvuja, uchafu ukamwagika tumboni. Hapo unapasuliwa tena haraka, na unaweza kuamka na mfuko mwingine, au usiamke kabisa. Akaongeza kwamba kwa mwenye kisukari kama mimi, sukari isipotulia, mshono hupona kwa shida.

Katikati ya maelezo hayo mfuko wangu ukanguruma. Chumba kizima kikasikia.

Kuanzia hapo nilitaka jambo moja tu, mazungumzo yaishe. Daktari akauliza sukari yangu ikoje. Nikasema imetulia. Haijatulia, kipimo changu cha nyumbani kinanisuta kila asubuhi. Akauliza kama nina swali. Nikasema nimeelewa yote, nikasaini. Operesheni ni wiki ijayo.

Nimemdanganya daktari kuhusu mwili wangu mwenyewe, kwa sababu ya heshima.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Mtoto akisema ameelewa huku macho yanatangatanga, namsimamisha anieleze upya. Nawaimbia kila siku kwamba kuuliza si ujinga.

Tulipofika getini, Masanja alisimama kando ya pikipiki akiwa amenipa mgongo, akasema polepole, "Mayu," yaani mama, "umesema umeelewa. Mimi sijaelewa. Neema akiniuliza nitamwambia nini?"

Nilikasirika. Nikamwambia awahi nyumbani, mke wake ana mtoto mchanga. Akawasha pikipiki, akaondoka. Tangu nirudi sijaweza kula. Kijana yule naye alikuwa na aibu, shingo ilimtoka jasho mle ndani, lakini alibaki akasikiliza mpaka mwisho. Mimi mwenye tumbo ndiye niliyekimbia.

Najua nikisema ukweli nitaambiwa nisubiri kwanza sukari ishuke, na mfuko utakaa miezi mingine. Nimelia nikiliwaza hilo. Naogopa mshono kuvuja, naogopa kujichafua mbele ya wanafunzi, na bado nautaka huo mshono kuliko kitu chochote.

Kesho nampigia Masanja mwenyewe, bila kumpitia Neema. Turudi kwa daktari, aketi palepale, asikie na habari ya sukari. Afadhali mkwe alijue tumbo langu kuliko achimbe kaburi langu.