Gari la Kumleta Mama Kwako

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya kitinda mimba wangu, ambaye bado hajui kuandika na ameng'ang'ania mkono wangu hapa mezani mpaka niiandike. U hali gani? Nyonga inaendeleaje? Ile fimbo umeshaizoea, au bado unaificha nyuma ya mlango wageni wakibisha hodi? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo ujue hana homa.

Ukiona mwandiko umepinda usidhani nimezeeka. Ni furaha tu, nimeshindwa kuketi nikatulia tangu asubuhi. Ningekupigia simu, lakini habari hii ina sehemu ambayo haifai kupigiwa kelele huku cherehani zinanguruma na wateja wametega masikio. Mama mwenyewe amesema, "Mwandikie. Mwandikie yote, usimung'unye maneno." Basi simung'unyi.

Wiki hizi nyumbani kwetu hakuna hadithi nyingine ila gari. Tunaamka na gari, tunalala na gari. Na si gari la kwendea sokoni, Mama Mdogo. Tumekuwa tukitafuta lile lenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani, ambalo watoto wanaliita nyumba ya magurudumu. Usicheke. Jambo hili halikuanza kwa ajili ya anasa, lilianza kwa ajili yako.

Najua umekuwa ukijiuliza kwa nini dada yako haji. Ulimzika kaka yenu bila yeye, ukauguzwa nyonga bila yeye, na mwaka jana ulimwambia kwenye simu kwamba amekutupa. Alipoiweka simu chini alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Ukweli ni huu: tangu ule upasuaji wa tumbo, hawezi kuzuia haja ndogo. Ikimjia imemjia. Safari yake ya mwisho ya basi alimwomba kondakta wasimame, akaambiwa avumilie kama abiria wenzake. Aliteremka amejifunga sweta kiunoni, na tangu siku hiyo akala kiapo kwamba yeye na basi, basi.

Hakukutupa. Aliona aibu, na aliona afadhali umwite mwenye kiburi kuliko uijue aibu yake. Mimi nilijua na nilikatazwa kusema, na iliniuma kila ulipopiga simu.

Kwa hiyo mume wangu alipolipwa ile kazi kubwa ya mabomba ya hospitali, alirudi nyumbani akasema pesa hii haiingii kwenye bati wala saruji. Tununue gari lenye choo, tumpeleke Mama kwa mdogo wake. Unamjua Fundi, hana maneno mengi, ila akitoa moja ni tofali. Nilimkumbatia hapo hapo na ovaroli lake la kazini, na harufu yake yote. Habari za kujibana sikuambii. Tutakula kwa adabu mpaka mwaka uishe.

Tukaanza kuzunguka kwa wauza magari. Mimi ni mshonaji, siamini jicho, naamini futi kamba. Niliitia mkobani na kila gari nililipima, muuzaji akinitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mama," akaniambia, "gari halishonwi." Nikamwambia hata nguo mbovu haishonwi, inapimwa vibaya kwanza.

La kwanza lilikuwa kubwa kama darasa. Lina bafu ambalo ungeweza kualika watu. Bi Maswali, binti yangu mkubwa, alishachagua kitanda na kutaja wenzake watakaokuja kukiona. Nikarudi nyumbani nikapima geti letu na ile kona ya kiwandani. Lingeingia nusu, nusu nyingine ingelala barabarani. Machozi yalimtoka mtoto, hata baba yake alitamani kubomoa ukuta.

La pili lilikuwa dogo, safi, lina mapazia ya maua. Nikauliza choo kiko wapi. Muuzaji akainua mto wa kiti, chini yake kuna ndoo yenye mfuniko. Mlango je? Akavuta pazia. Nilimuuliza kama yeye angeikalia ndoo ile mkwewe akiwa kiti cha mbele. Akakohoa, akaanza kunisifia redio.

La tatu, Mama Mdogo! La tatu ni fupi kuliko gari la kusambazia mikate, lakini aliyelitengeneza alikuwa na akili za mama mwenye nyumba. Meza inashushwa, mito inapangwa juu yake, hapo kitanda cha watu wawili. Paa linasukumwa juu, watoto wanalala huko kama vifaranga. Kuna jiko la gesi la mafiga mawili, kuna friji la kutosha maziwa na dawa. Na nyuma kabisa kuna chumba kidogo chenye choo cha kukaa, bomba la mvua la kuogea, na mlango. Mlango wa kweli, wenye komeo. Niliingia nikajifungia. Nikaketi, nikainuka, nikageuka, magoti hayakugusa kitu. Kisha nikapima upya kwa kiuno cha Mama, ambacho ni kipana kuliko changu (hapo usimsomee). Kikaenea na nafasi ikabaki.

Nilitoka humo meno yote nje. Nilidhani kazi imekwisha.

Siku ile ile tukiwa mezani, Mama akiwepo, Bi Maswali akauliza, "Baba, sasa mtu akishakojoa garini, mkojo unakwenda wapi?" Mwulize fundi bomba swali kama hilo uone. Fundi aliweka kijiko chini, akaanza kuchora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Chini ya choo kuna tangi dogo, linavutwa kwa nje kama droo, lina mpini na magurudumu, unalikokota mpaka kwenye choo cha kawaida unamwaga. Uso wake uling'aa. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, hata siku ya harusi.

"Na nani atakuwa analimwaga?" Mama akauliza, polepole.

"Mimi, Mama! Wala usiwe na wasiwasi. Wako nitakuwa naumwaga mwenyewe kila asubuhi."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalishatoka, na ulimi hauna mfupa. Mama alinyanyuka na sahani yake, akaenda kumalizia chakula jikoni, amesimama.

Nilimfuata. Aliniambia nisimguse. "Mkwe wangu abebe mkojo wangu mbele ya watu? Heri mdogo wangu aniite mwenye kiburi mpaka tuzikwe." Nikasema basi nitamwaga mimi. Akasema mimi na huu mgongo wa cherehani tusijipe kazi tusizoziweza. Akafunga mjadala. Siku kadhaa zikapita, Mama akimpisha Fundi ukumbini kama mgeni, na Fundi akitembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtu anayezibua vyoo vya mtaa mzima, choo kimoja kimemshinda! Aliniambia ameharibu yote kwa kiherehere chake, na bora aache. Mimi nililia, sikufichi. Nilikuwa nimeshakuona mlangoni kwako.

Ndipo muuzaji akapiga simu kwamba kuna mteja mwingine analimezea mate lile gari, kama tunalitaka twende tukalijaribu barabarani wenyewe, asubuhi moja tu. Mama alikubali kuja, kwa masharti kwamba anawasindikiza watoto. Aliketi kiti cha mbele, mkoba mapajani, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

Gari linakwenda vizuri, Mama Mdogo! Halitikisiki, halipigi kelele, vijiko vimetulia kwenye droo. Tulifika mpaka nje ya mji tukageuza. Wakati wa kurudi, darajani, lori la saruji likakatika ekseli mbele yetu na kukaa katikati ya njia. Mbele magari, nyuma magari. Hakuna kwenda, hakuna kurudi.

Nikaona mkono wa Mama umeanza kuusokota mkanda wa mkoba. Mkono ule naujua. Fundi naye aliuona, maana alikuwa kando yake, lakini hakumgeukia hata kidogo. Alijitia hamnazo. Akazima injini, akafungua mlango, akasema, "Watoto, twendeni tukalione lori."

"Kwa nini?" akauliza nani, kama si Bi Maswali.

"Njoo ukaulize huko huko."

Akawashika mikono, mmoja huku mmoja huku, akaenda. Akapita magari yote, akapita pikipiki zote, akaenda mbali zaidi ya lori lenyewe, mpaka ikabaki kofia yake tu. Mama aliitazama ile kofia. Kisha akaniuliza, "Huo mlango unafunga kweli?" Nikamwambia una komeo. Akaingia. Nami nikafungulia redio ya gari kwa sauti kubwa.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka, au vyote viwili. "Kuna kioo humo," akasema. "Nimekaa kama malkia, na honi zote zinanipigia mimi." Tukacheka mpaka nikashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu kabla ya upasuaji.

Lakini tangi lilikuwa bado. Tulipofika uwanjani kwa muuzaji, Fundi alilivuta, akalikokota hadi vyoo vya nyuma bila haraka na bila kujificha, vile anavyobeba boksi lake la spana kila siku. Nilimwangalia Mama. Hakugeuza uso. Alimtazama akienda na akamtazama akirudi, na Fundi alipokaribia bomba la ukutani ili anawe, Mama alishuka garini na jagi la maji na kipande cha sabuni.

"Njoo unawe, baba," akamwambia.

Bomba lilikuwa hapo, hatua moja. Fundi aliliacha, akakinga mikono yake miwili. Mama akamimina taratibu, akampa sabuni, akamimina tena mpaka povu likaisha. Fundi aliinamisha kichwa, na nadhani si kwa ajili ya sabuni. Mama akajifuta mikono kwa gauni lake, akamgeukia muuzaji ambaye alikuwa amesimama na makaratasi yake, akamwambia, "Hili tunachukua. Nina mdogo wangu anangoja."

Mama Mdogo, gari liko hapa nje! Ninapoandika naliona dirishani, limeingia getini na nafasi ya kupitisha baiskeli imebaki. Shule zikifungwa tu, tunang'oa nanga. Mama ameshatundika taulo lake humo ndani. Ameshampangia Fundi mahali pa kuweka viatu. Jana alikwenda kunywa chai humo, gari likiwa limesimama, peke yake, na alituzuia tusimfuate.

Na ametoa amri, mimi ninaipeleka tu. Tukifika, sisi wote tutalala ndani kwako, popote utakapotuweka. Yeye halali ndani. Wewe na yeye mtalala garini, mlango umefungwa, watoto wasikaribie. Anasema ngazi ya gari ni fupi (nimeshaipima), nyonga yako itaimudu, na choo kiko hatua moja kwake na kwako. Anasema kuna habari za kaka yenu ambazo hajawahi kumlilia nazo mtu, na atamlilia nazo mtu mmoja tu. Baba Mdogo atuwie radhi, tutamwazima mke.

Usihangaike kusafisha wala kununua vitu. Sisi hatuji kula, tunakuja kukuona.

Msalimie Baba Mdogo, mwambie Fundi atalitazama lile sinki lake linalovuja. Msalimie binamu yangu muuguzi na mwanawe Kidevu, na jirani yako anayekuletea magazeti. Bi Maswali anakusalimu na ana maswali ambayo sitayaandika, karatasi haitoshi. Mungu akulinde, aishikilie nyonga yako mpaka tufike, na atufikishe sote tukiwa na pumzi ya kusalimiana.

Wako akupendaye daima,
Binti wa dada yako.

Nimesahau, na Mama amenirudisha mezani: anauliza siku hizi unalala upande gani, wa kulia au wa kushoto, ili nyonga isiumie. Yeye atachukua ule mwingine.