Vani ya Mtaa wa Robinet

Jumatatu, 6 Machi 1995

Hatimaye! Watu wa maji, watu wa umeme na sisi wa ofisi ya viwanja — meza moja, ramani tatu. Daktari Julie wa zoni ya afya ndiye aliyetuita. Sehemu yetu ya mji, Kikula ya chini, haina maji tangu mwaka juzi, watoto wanaharisha, hospitali imejaa. Alisema kila biro, kila ofisi, iko na karte yake, lakini batoto beko na ugonjwa moja. Hata Fidèle wa umeme aliinamisha kichwa, na Fidèle si mtu wa kuinama.

Ramani zake Fidèle alizileta zimefungwa ndani ya kitenge cha mke wake. Analala juu yazo tangu uporaji wa mwaka 1991, zisije zikaibwa zikafungiwa karanga. “Ukipasula hii karte, mama Angèle, unanipasula minye mwenyewe.” Nikamwambia kwa vile anavyokoroma, ajabu hazijapasuka zenyewe. Wote wakacheka. Afadhali, maana dakika tano kabla walikuwa wakitazamana kama wezi.

Kazi yangu: kunakili ramani zote kwenye kalki, ile karatasi inayoonyesha kilicho chini yake, zilaliane. Tuone mji mmoja badala ya mitatu. Na nani atakaa nayo? Ofisi yoyote ikiichukua, mbili nyingine hazitapata usingizi. Basi imeamuliwa — ikae nyumbani kwangu! Ofisini kwetu mvua inaingia hata hivyo. Miaka kumi na tisa nachora, leo ndiyo nimeaminiwa.

Alhamisi, 9 Machi

Jambo lenyewe ni dogo mpaka linachekesha. Hénoc wa maji anasema bomba kubwa halijapasuka. Limefungwa tu! Kuna vani, kile kifungo cha maji cha kuzungusha, chini ya ardhi, mahali fulani. Aliyeifunga alipandishwa treni mwaka 1993 pamoja na Wakasai wenzake, walipofukuzwa, na hakuna aliyemuuliza lolote kabla treni haijaondoka. Hénoc aliingia kazini baadaye. “Minye nilikuta paka hii karte mu tiroir, mama.” Ramani tu ndani ya droo, basi. Mtu wa adabu. Anaomba radhi kwa makosa ya watu ambao hata hakuwajua.

Ramani yake inasema: mtaa wa Robinet, upande wa kulia, mita 22 kutoka kwenye robinet. Ni kuizungusha tu, na Kikula yote ya chini inakunywa.

Mtaa wa Robinet ni mtaa wangu! Ile robinet, bomba la watu wote la kuchotea maji, iko pale kwenye kona, kavu, mbuzi wanajikunia. Natamani kumwambia Rosalie, jirani yangu wa nyuma. Kila asubuhi tunakwenda mtoni pamoja na bidoni zetu, na mgongo wake umekwisha. Lakini nisubiri. Nipime kwanza.

Ijumaa, 10 Machi

Nimepima. Nimepima mara tatu.

Ni chumba changu cha kulala.

Sheria naijua, nimeigongea muhuri mwenyewe mara ngapi: juu ya vani hapajengwi, mita tano kila upande. Nyumba yangu nzima haifiki mita tisa. Nyumba niliyojenga na marehemu mume wangu tofali kwa tofali, yeye akiwa mgonjwa tayari na hataki kusikia neno kupumzika.

Hakuna anayejua bado. Ni mimi na rula.

Jumanne, 14 Machi

Siku nne sijaandika.

Kwenye kalki, mita kumi ni milimita tano. Milimita tano! Leo niliisogeza nukta ya vani. Ikakaa barabarani, mahali pazuri, haimuumizi mtu. Nikaitazama. Wangechimba, wasingekuta kitu, wangekata tamaa, kila ofisi ingebeba ramani yake na kurudi kununa. Na Rosalie angeendelea kubeba maji. Nami ningekwenda naye mtoni kila asubuhi, nikimtazama usoni.

Nimeifuta, nikairudisha pale pale chumbani. Pamebaki doa.

Kesho nawaonyesha. Nina hasira na kila mtu, hata na Daktari Julie, ambaye hana kosa.

Jumatano, 15 Machi

Asante Mungu! Asante, asante! Na asante Fidèle na kukoroma kwake!

Niliweka kalki mezani, nikasema: ni kwangu. Hénoc akatazama viatu vyake. Daktari akanishika mkono. Ila Fidèle aliguna. Akavuta ramani yake ya zamani kabisa, ya 1957, akaanza kuhesabu nguzo za umeme kwa ukucha. Nguzo namba 31: “mbele ya robinet”. Na nguzo 31 haiko mtaa wetu. Iko mtaa wa nyuma!

“Haina apa, mama! Balihamisha robinet, na jina njo ikaifuata.”

Ni kweli tupu! Kikula nani anasoma vibao? Penye robinet ndipo mtaa wa Robinet. Bomba la watu lilipohamishiwa kwenye kona yetu, nikiwa msichana, jina nalo likahama, na hakuna aliyeona ajabu. Ila vani ilibaki chini ya ardhi ilipowekwa. Watu wa maji walikuwa na mita, watu wa umeme walikuwa na mahali. Miaka yote hiyo, ofisi mbili zilizotengwa na ukuta mmoja!

Nililia mbele yao, sina aibu. Nikarudi kwa miguu nikiimba zaburi, na mimi sauti sina. Nimepika bukari na sombe ya watu sita, niko peke yangu. Nusu nimempelekea Rosalie. Hakuuliza kwa nini. Alisema tu uso wangu umefunguka, eti wiki nzima nilikuwa nimeukunja kama mtu aliyemeza kwinini.

Nitalala leo. Kitandani kwangu, chumbani kwangu.

Ijumaa, 17 Machi

Wamechimba. Nguzo 31, kando ya njia, mita moja na kidogo kwenda chini — mguu wa robinet ya zamani, chuma kwa chuma! Watu walipiga vigelegele. Mtaani kwetu walitoboa pia, kwa uhakika. Udongo mtupu. Nyumba yangu imepona. Naandika tena kwa utamu: imepona.

Halafu, kuitafuta vani, wakavuta kamba ya mita 22 kutoka hapo. Ncha moja niliishika mimi. Hénoc akaenda na nyingine. Akapita kwa Carlos. Akapita kanisa dogo la mchungaji Numbi. Akasimama kwenye ukuta wenye chokaa nyeupe. Ukuta ule naujua, brashi moja nilishika mimi, ya pili mwenye nyumba, Rosalie.

Alikuwa sokoni, hakuona kitu.

Wanasema atapewa kiwanja kingine, juu huko, kuelekea barabara ya Kakanda. Kiwanja! Na nyumba je? Wanarudia tu: kiwanja. Karatasi ya kubomoa kutoka ofisi ya zoni itakuja Jumatatu. Daktari Julie akauliza nani atamwambia kabla. Wote wakanigeukia. Nikasema: mimi.

Kisha nikafuta nukta ya penseli, nikatia ya wino mwekundu mahali pake pa haki. Nimekasirika sana, lakini nilipofungua mlango wangu na kuona kuta zangu nne zimesimama, moyo ulitulia tuli. Mungu anisamehe. Namlilia Rosalie na nimefurahi. Vyote viwili, wakati mmoja, na furaha ndiyo kubwa.

Jumamosi, 18 Machi

Nilipanga kwenda kwake saa nne. Maneno niliyaandaa. Hakunipa nafasi.

Amekuja mwenyewe. Kavaa kitenge cha kanisani, na leo si Jumapili! Kasikia sokoni kwamba bomba limeonekana. Alinikumbatia mlangoni mpaka nikakosa pumzi. “Banasema maji itarudia, ba Angèle! Na ni weye uliandika karte!” Nikasema ndiyo. Nikasema kaa. Nikasema ngoja nimalize kitu kimoja cha kazi, nikafungua daftari hili. Hakuna kitu cha kazi. Naandika, naye yuko mbele yangu, nasikia anavyopuliza chai.

Kalki iko mezani. Sikuifunika.

Ameuliza kama nyumba yake nayo iko humu. Nimesema iko. Ameweka kikombe chini. Hajawahi kuiona nyumba yake kwenye karatasi! Nilinyoosha mkono nikunje kalki, akanizuia — anataka kuitafuta mwenyewe, nisimwonyeshe. Ameupata mtaa wake kwa nguzo za Fidèle. Sasa anaufuata kwa kidole, polepole, anacheka, anataja majina.

Kwa Jenny. Kwa Carlos.

Sema, Angèle. Weka kalamu chini useme.

Kanisa la Numbi. Ameinua macho, ananitazama, meno yote nje, kidole karibu na nukta nyekundu.

“Sasa apa njo kwangu!”