Moto wa Papa na Sumaku ya Bafwasende

Kisangani, 2 Februari 1964

Mwanangu Lukumani,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila goti la mama yako linamsumbua. Huko Bafwasende mnakula nini?

Tangu uliponifokea mbele ya wateja, "Papa, chuma yako inaharibu mashine yetu, funga!", nimefunga. Mashine yenu ya kupima sumaku ya ardhi bado iko kwa jirani, na tanuri langu la uhunzi limepoa. Wavuvi wakileta mapanga, nawaambia nimezeeka. Naona haya kusema nimefungiwa kazi na mtoto niliyemzaa.

Papa yako, Abdulhamid

Bafwasende, 20 Mei 1964

Papa,

Salaam alekum. Mama je, anatembea? Mimi mzima, lakini sina uso wa kukutazama, ndiyo maana nilikawia kujibu.

Sumaku ya ardhi haitulii. Jua likipanda, nayo hubadilika. Vipimo vya msituni tulivisahihisha kwa mashine ya Kisangani, visilingane, nikaapa kosa ni la chuma chako. Umefunga, bado havilingani! Bwana Constant, mkubwa wangu, akaweka mashine ya pili hapa. Kumbe sumaku ya huku ina mwendo wake na ya huko ina wake, maana miamba ya chini si ya aina moja. Akaniuliza, "Alors, basi, papa yako alikosa nini?"

Nisamehe. Washa moto.

Mwanao, Lukumani

Kisangani, 11 Juni 1964

Mwanangu,

Alekum salaam. Mama yako anatembea kwa fimbo.

Nilifurahi, kisha nikakasirika. Nikiwasha, wateja wataniuliza, "Papa, si ulisema umezeeka?" Nidanganye tena kwa ajili yako? Ulinifunga mbele ya watu, uje unifungue mbele yao.

Papa yako

Bafwasende, 30 Julai 1964

Papa,

Salamu kwako na kwa mama. Waasi wanakaribia mjini kwenu, na hapa malori yamegoma kwenda huko. Bwana Constant anakimbilia mashariki, alitaka anichukue. Nimekataa. Kesho naanza kuja kwa miguu. Nitasimama mlangoni pako niseme: "Papa hajazeeka, mimi nilimusingizia."

Mwanao

Kisangani, 31 Julai 1964

Mwanangu,

Hujambo? Barua hii nampa dereva anayekimbia na watoto wake kuja huko. Njia imekuwa ya hatari, watu wanauawa. Nilikuita uje unifungue; sasa usije.

Moto nimewasha. Wateja nimewaambia ulikuja, ukaniomba radhi mbele ya mama yako, ukarudi kazini. Wote wameamini, wamekusifu. Kwa hiyo huna deni tena. Kaa hapo hapo ulipo.

Papa yako