Mizinga Juu ya Ng'ombe wa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako kabla Ijumaa haijafika, maana mimi ni mtu wa Mlali, nimeoa Kinole na tunaishi kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu Nasra, ambako hata mche wa mdalasini sipandi bila kumwomba mjomba wake, Mzee Mikidadi, na mimi kuombaomba nimechoka, basi nilipopata mizinga ya nyuki nikaitundika ndani ya banda la ng'ombe wa mama mkwe, kwa kuwa banda nililijenga mwenyewe na hakuna wa kuniuliza, na kweli tuliishi salama mpaka Mzee Mikidadi alipokuja kutusalimia nikataka kumwonjesha asali, nikarina mchana wa jua kali huku ng'ombe amefungwa palepale, nyuki wakamvaa, akang'oa nguzo akapita nayo uani, na mjomba katika kumkwepa akatumbukia kwenye shimo la samadi na kanzu yake nyeupe. Ng'ombe yu hai ila amevimba na bandani haingii tena, maziwa yamekatika, mama mkwe hanisemeshi, na mjomba alipotolewa shimoni aliniambia neno moja tu: "Mkwe, umeleta jeshi kwetu bila kupiga hodi." Ijumaa baada ya swala ukoo unakaa kuamua kama niendelee kuishi hapa, na Nasra anasema hatanitetea. Je, nitafute wakili?

Mansuri, Kinole

Marahaba, Mansuri. Wakili wa nini, akamtetee nani, nyuki? Pole kwa yaliyokukuta, na pole zaidi kwa ng'ombe. Nyuki hana ugomvi naye. Wawili hao wanaweza kuishi kaya moja miaka mingi. Lakini nyuki huchokozwa na jasho, harufu kali na mtikisiko, na banda lina vyote hivyo. Mnyama aliye huru akiumwa hukimbia. Aliyefungwa hufa. Umebahatika kwamba nguzo zako ni mbovu.

Sasa fanya hivi. Jioni, nyuki wakisharudi wote, ziba matundu ya mizinga kwa wavu, uipeleke mbali, kwa jamaa yako yeyote wa Mlali, ikae huko wiki kadhaa. Usiisogeze hatua chache tu ukadhani umemaliza. Nyuki hukariri mahali. Kesho yake watarudi bandani kutafuta nyumba yao, na ng'ombe aliye hapo nje watamkuta. Mwite bwana mifugo amwangalie ng'ombe, na mkamulie nje mpaka atulie.

Kisha nenda kwa Mzee Mikidadi kabla hujaitwa. Usimpelekee asali, tafadhali. Mwambie ukweli, kwamba mizinga iliingia bandani kwa sababu hukutaka kumwomba kipande cha ardhi, halafu kiombe hapohapo: pembeni mwa shamba, mbali na njia, matundu yakitazama bondeni. Unaona kuomba kunakushusha. Yeye ameshushwa mpaka shimoni, na hakuwa ameomba chochote.

Akikukatalia, itikia, ushukuru. Nyuki wabaki Mlali, wewe urudi nyumbani. Nasra aliolewa na wewe, si na mizinga. Nenda ukamwambie hivyo leo, kwa sauti ya chini, na mama yake awe anasikia.