Ua Lililoonjwa Kwenye Maziwa

Mjukuu wangu Hawo,

Salamu zikufikie huko Bangale unakofundisha. Sisi hapa Minjila hatujambo, ila mama yako bado anakohoa. Baba yako mdogo yuko huko upande wenu na ng'ombe, na anasema keshokutwa atawashusha huku kwa sababu ya ukame.

Picha yako nimeiona kwenye simu ya dada yako. Unauliza ni ua gani hilo dogo la manjano lililoota mchangani baada ya manyunyu. Yapo maua mawili yanayofanana hivyo, mjukuu wangu, na picha haina harufu.

Nilipokuwa msichana, ukame ulitubana hivi hivi, tukafunga mizigo tuhamie mtoni. Jioni ile nikampelekea mama ua kama hilo. Hakulitazama sana. Aliuliza kama mbuzi wamelila au wamelipita, nami sikuwa nimeangalia. Basi akakamua, akaonja maziwa, akakunja uso. Akampa baba naye aonje. Yalikuwa machungu kidogo.

"Ni lile linalotangulia majani," mama akasema.

Baba akaanza kufungua kamba za mizigo. Mpaka leo najiuliza ua dogo vile lilijuaje habari za mvua.

Kwa hiyo mimi siwezi kukujibu. Nenda kwa jirani ambaye mbuzi wake hulisha hapo ulipopiga picha, umwombe maziwa, uyanywe bila sukari. Ukikunja uso, mpigie baba yako mdogo kabla hajafunga mizigo.

Bibi yako,
Dhahabo