Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mwalimu Valerian wa hisabati kaandika ubaoni 1,000,001. Namba tasa hiyo, kasema, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikauliza amejuaje. Kasema amejaribu namba tasa zote hadi mia, zote zinabakiza. Hadi mia tu! Nikasema, mwalimu, hata baada ya mia zipo. Akacheka. “Mama Limi, nenda kanyonyeshe kwanza.” Darasa zima likaangua kicheko.
Limi ni mwanangu, ana mwaka na nusu. Nimerudi shule Januari kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Nyumbani wakiniita Mama Limi ni heshima. Leo lilikuwa tusi. Imeniuma, sitaficha. Mwalimu yule ni debe tupu!

Jumanne, 4 Machi
Mama yuko karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, anachekecha mchanga. Mimi, Limi mgongoni, penseli mkononi.
Babu alikuwa akifunga maksai wawili wawili kwenye jembe. Nami nikazifunga tarakimu mbili mbili kutoka kulia: 01, 00, 00, 1. Nikatoa na kujumlisha kwa zamu. Moja toa sifuri, jumlisha sifuri, toa moja. Sifuri! Mia ni 101 kasoro moja, basi jozi zikiishia sifuri hivi, 101 inaingia. Nikagawanya kwa mkono, nyuma ya ukurasa wa jana, kuhakikisha. 9,901. Hakuna baki!
Na namba tasa inayofuata baada ya mia ni hiyohiyo 101. Angejaribu moja tu zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Nimempelekea Mwalimu Valerian hesabu yangu, kwa adabu, na shikamoo juu. Hakuitikia. Eti nimemdhalilisha. Ijumaa niombe radhi mstarini mbele ya shule nzima, la sivyo ananitoa kwenye timu ya mashindano ya hisabati Shinyanga mjini. Nafasi ile niliipata kwa jasho langu — nilikuwa wa kwanza kwenye jaribio!

Alhamisi, 6 Machi
Nelly, tunayekaa naye dawati moja, kasema omba tu yaishe, neno lenyewe jepesi. Jepesi kwake. Nikiomba radhi, 101 itaacha kugawanya? Siombi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesimama mstarini. “Shikamooni walimu. Milioni moja na moja ni mia na moja mara elfu tisa mia tisa na moja.” Nikarudi kwenye mstari wangu.
Sasa niko kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule, Madam Serafina. Nelly kanisindikiza. Dirisha liko wazi. Madam anamwambia Mwalimu Valerian, si hesabu hii? Basi gawanya tuone. Chaki inakwaruza. Inasimama. Inakwaruza tena. Kisha Madam ananiita.
“Suzana! Lete daftari ulilofanyia.”
Ndilo hili ninaloandikia! Hesabu iko nyuma ya Jumatatu, na Jumatatu nimemwita mwalimu debe tupu. Nelly ananong'ona, chana haraka. Nikichana, hesabu nayo inakwenda.
Sichani. Madam anaita tena. Naingia nalo hivi hivi —